Duka liliniuzia mbegu dume? Matango yanachanua, matunda hakuna

#1 Mwana_Kyeshero (Goma)
Jambo wote. Nina kipande cha bustani nyuma ya nyumba, Kyeshero, udongo wa lava niliouchanganya na samadi ya mbuzi. Nimepanda matango mistari miwili na pasteki (tikiti maji) mstari mmoja pembeni. Mimea imepanda kamba hadi juu, majani mapana, kijani cha kutisha. Kila asubuhi manjano matupu. Lakini nikigeuza maua moja moja, chini yake hakuna kitunda, ni kikonyo chembamba tu na unga unaobaki kidoleni. Karibu yote ni ya kiume.

Mzee jirani anasema nimeuziwa mbegu dume. Kwamba mbegu jike ni pana na nzito, dume ni nyembamba, na zamani walizitenga kwa kuzimwaga kwenye maji, zinazoelea zote dume. Ni kweli? Nataka kurudi dukani nikiwa na hoja.

#2 Papa_Bahati (Goma)
Nenda na hasira tu ndugu, hoja utaikuta hukohuko.

#3 Agro_Kabare (Bukavu)
Mbegu inayoelea ni mbegu isiyojaa, haitaota au itaota kwa shida. Haihusiani na dume wala jike. Mzee wako ana haki ya kuzitupa, ila sababu aliyokupa siyo.

Tango, boga, pasteki, yote hayo mmea mmoja unabeba maua ya aina mbili. Na utaratibu wake wa kawaida ni kuanza na ya kiume kwenye vifundo vya chini, pale majani yanapotokea shinani, ya kike yafuate juu. Pasteki ndiyo bahili kuliko wote, unaweza kuhesabu vifundo sita au saba kabla hujaona ua moja la kike, halafu unarudia tena. Kwa hiyo swali langu la kwanza: yameanza kuchanua lini? Kama ni juzi, kunywa chai usubiri.

#4 Mwana_Kyeshero
Siyo juzi, mzee. Jirani wa upande wa pili alipanda karibu wakati mmoja na mimi, mbegu ya kutoka kwa shangazi yake wa kule Minova, na tayari anauza mjini, Birere.

#5 Maman_Neema (Goma, Majengo)
Mwanangu, nani amepita bustanini kwako akanyoosha kidole? Kwetu boga halinyooshewi kidole, kinakauka kile kitunda na kuanguka. Ukitaka kumwonyesha mtu, unakunja ngumi.

#6 Papa_Bahati
Maman Neema, yeye hana hata hicho kitunda cha kunyooshewa 😂

#7 Kibwabwa_Katuba (Lubumbashi)
Jambo ba ndugu ba Kivu. Huku kwetu L'shi tunalima maboga kwa ajili ya majani, kibwabwa, na hatuachi mmea ujikwee mpaka mbinguni. Tunakata kichwa. Ukikata kichwa, matawi ya pembeni yanatoka, na maua ya kike yanatoka kule pembeni. Wewe umeacha shina moja linapanda kamba tu, njo maana unaona dume, dume, dume. Kata kichwa utaona.

#8 Agro_Kabare
@Kibwabwa_Katuba hiyo ni kweli hasa kwa meloni: shina kuu linajaa maua ya kiume, na ua lenye tunda linakaa kwenye kifundo cha kwanza au cha pili cha tawi la pembeni. Wakulima wa meloni wanakata kichwa kwa makusudi. Kwa tango inasaidia kiasi, inategemea aina. Kwa pasteki watu wengi wanaacha tu litambae.

Mimi nashuku ile samadi. Mmea wenye naitrojeni nyingi unanenepa majani na kuchelewa kuzaa, na maua yake yanaelemea upande wa kiume. "Kijani cha kutisha" umeandika mwenyewe.

#9 Kasapa_Biolojia (Lubumbashi)
Jambo. Naona hapa jeni zimesahauliwa kabisa, niruhusuni niandike kirefu kidogo.

Mbegu ya tango haina jinsia. Jinsia inaamuliwa ua kwa ua, kwenye mmea huohuo. Kichipukizi kichanga kabisa, kile kilichojibana kwenye kwapa la jani, ukikipasua na kukitazama kwa darubini utakuta mianzo ya viungo vyote viwili: vijiti vya chavua na upande wa kike ambao baadaye ni tunda. Halafu upande mmoja unasimamishwa, mwingine unaendelea. Nani anasimamisha? Hapo ndipo kuna kazi.

Kwenye meloni mambo yamefuatiliwa vizuri zaidi, na kundi la Abdelhafid Bendahmane huko Ufaransa ndilo lililotoa sehemu kubwa. Mwaka 2008 walionyesha kwamba jeni iitwayo ACS7 inafanya kazi ndani ya upande wa kike wa ua, na inazuia vijiti vya chavua visikue. Mwaka 2009 wakaonyesha jeni nyingine, WIP1, ambayo inazuia upande wa kike. Mwaka 2015 wakaja na ya tatu, ACS11, inayoizima WIP1.

Sasa fuateni mnyororo. Ua likiwa na ACS11 iliyowaka, WIP1 inazimwa, upande wa kike unakua, ndani yake ACS7 inawaka, vijiti vya chavua vinakufa: ua la kike. ACS11 isipowaka, WIP1 inabaki macho, upande wa kike unafungwa, ACS7 haina mahali pa kufanyia kazi, vijiti vinakua: ua la kiume.

Na ukiharibu moja moja unapata mimea tofauti kabisa. ACS7 ikiharibika, ua lililopaswa kuwa la kike linabaki na vijiti vyake, yaani lina jinsia mbili, huku maua ya kiume yakiendelea kama kawaida. Meloni nyingi tunazokula ziko hivyo. WIP1 ikinyamaza, mmea mzima ni jike. WIP1 na ACS7 zote zikiondoka, kila ua lina jinsia mbili. ACS11 ikiharibika, mmea mzima ni dume.

Hizo ACS mbili kazi yake ni moja: kutengeneza kimeng'enya kinachoanzisha ethilini, ile gesi inayoivisha matunda.

#10 Mwana_Kyeshero
Subiri. "Mmea mzima ni dume." Kwa hiyo mbegu dume ipo!

#11 Papa_Bahati
Haya, mzee jirani ameshinda bao moja kwa bila.

#12 Kasapa_Biolojia
Ipo, lakini ni kitu cha maabara na makusanyo ya mbegu. Mstari wa tango wenye maua ya kiume matupu unajulikana, ndio uliowasaidia kuipata hiyo ACS11. Ila fikiria: mmea wa namna hiyo hauzai tunda, kwa hiyo hauzai mbegu. Muuza mbegu atajaza pakiti na nini? Mkulima wa kawaida hawezi kukutana nao shamba zima.

#13 Shimo_la_Kasiksi (Walungu)
Nimesoma neno ethilini nikacheka peke yangu. Kwetu ndizi za kasiksi, pombe yetu ya ndizi, tunazifukia shimoni na majani ya migomba, pembeni moto wa moshi unapitishwa ndani mpaka ziive. Boga la bibi yangu lilipandwa mdomoni mwa lile shimo, na lilikuwa linazaa kuliko maboga yote ya kilima. Tulisema ni majivu. Kwa hiyo ilikuwa moshi?

#14 Agro_Kabare
@Shimo_la_Kasiksi inawezekana. Moshi wa majani na kuni unabeba ethilini, na ndizi zenyewe zikiiva zinatoa nyingine. Ufilipino wanafukizia miembe moshi ili ichanue, na visiwa vya Azores walifukizia mananasi kwenye nyumba za vioo. Ila majivu pia yana potasiamu, na mdomoni mwa shimo kuna maganda na maji ya ndizi. Bibi yako alikuwa anafanya majaribio matatu kwa wakati mmoja bila kutenganisha.

Kuna dawa inayouzwa, ethefoni. Ikiingia ndani ya mmea inaachia ethilini. Wakulima wa matango na maboga wanaipuliza mmea ukiwa na majani mawili hadi manne ya kweli, kipimo kati ya sehemu 150 na 250 kwa milioni. Maua ya kike yanashuka mpaka vifundo vya chini. Mwana_Kyeshero, kwa hii mimea yako umeshachelewa, ila msimu ujao unaweza kupuliza matango na pasteki mapema.

#15 Kasapa_Biolojia
Matango ndiyo. Pasteki HAPANA. Naomba mtu asipulize pasteki kwa kusoma uzi huu.

Pasteki iko kinyume na nduguze. Kwenye tango, meloni na boga, ethilini inasukuma upande wa kike. Kwenye pasteki, ukiongeza ethilini unapunguza maua ya kike, na ukizuia ethilini ndipo yanaongezeka. Imepimwa na kuchapishwa. Jambo gumu zaidi ni kwamba pasteki bado inahitaji ethilini ndani ya ua la kike ili vijiti vya chavua vizuiwe, kama wengine. Yaani gesi ileile ina kazi mbili kwa nyakati mbili za ua, na moja kati ya hizo imegeuka.

#16 Agro_Kabare
Sawa kwa pasteki, wasomaji wafute sentensi yangu ya mwisho. Boga la bibi libaki.

#17 Kibwabwa_Katuba
Hiyo pasteki iko na kichwa ngumu kama ya shemeji yangu.

#18 Bulengo_Kwetu (Goma)
Nyote mmeruka kitu kimoja. Huyu bwana yuko Kyeshero. Kyeshero, Himbi, Bulengo, huko kote kuna mazuku, ile hewa inayotoka ardhini na kuua. Kule kwetu kuna mashimo ambayo ukiteremka na mbuzi asubuhi unarudi na kamba peke yake. Na juu Nyiragongo inatoa moshi. Je, hewa hiyo haiwezi kubadilisha maua? Tangu mlipuko wa Mei 2021 nimeona bustani nyingi zinachanua bila kuzaa.

#19 Agro_Kabare
Moshi wa Nyiragongo ni salfa na tindikali, mvua yake inachoma majani na kuharibu maua, hilo wakulima wa upande wa Rusayo wanalijua. Lakini kuchoma ua siyo kulibadilisha jinsia. Na mazuku ni kaboni dioksaidi, inatoka kwenye nyufa na kukaa mabondeni kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Siyo ethilini.

#20 Kasapa_Biolojia
@Agro_Kabare siyo ethilini, kweli, lakini usiifukuze haraka. Kaboni dioksaidi ikiwa nyingi inazuia kazi ya ethilini. Maghala ya matunda yanatumia hilo: wanaiongeza hewani ili matunda yasiive. Kwa hiyo kwa nadharia tu, tango lililokaa ndani ya mazuku lingekosa sauti ya ethilini na kuelemea kwenye dume.

#21 Papa_Bahati
Sasa duka limesamehewa, mshitakiwa ni volkano.

#22 Agro_Kabare
Kwa nadharia. Ila shimo la mazuku lenye hewa ya kiasi hicho, mmea wenyewe hauna raha, mizizi inakosa oksijeni. Huwezi kupata "kijani cha kutisha". Na jirani anayevuna yuko ng'ambo ya ukuta tu!

#23 Bulengo_Kwetu
Mazuku haijui ukuta lakini inajua bonde. Yeye yuko chini au juu ya jirani?

#24 Mwana_Kyeshero
Chini kidogo... Mmeniogopesha, nalala dirisha wazi.

#25 Maman_Neema
Lala kitandani, siyo kwenye mkeka. Hilo halina utani, wazazi wetu walitufundisha.

#26 Mbegu_za_Mama (Bukavu, Kadutu)
Aksanti kwa masomo yote. Mimi nauza mbegu za mboga, naomba niulize kitu ambacho hakuna aliyeuliza: ilikuwa pakiti iliyofungwa au uliuziwa kwa kijiko?

#27 Mwana_Kyeshero
Kwa kijiko, kwenye karatasi. Muuzaji alisema ni mbegu ya kisasa, tango jike tupu, kila kifundo tunda. Ndiyo maana nilikubali bei.

#28 Mbegu_za_Mama
Basi hapo. Tango jike tupu lipo kweli, ni mbegu ya F1, yaani chotara wa kizazi cha kwanza, inakuja kwenye pakiti au kopo, ghali, mbegu chache. Ile ya kwenye mabanda ya plastiki inajaza tunda hata bila nyuki, na tunda lake halina mbegu za kutunza. Ile ya shambani inahitaji chavua, kwa hiyo wazalishaji wanachanganya humo mbegu chache za aina ya kawaida, kama asilimia 10 hadi 15, ziwe mabwana harusi. Wengine wanazitia rangi tofauti ili uzijue. Anayeuza kwa kijiko huwa amefanya moja kati ya mambo mawili: amekamua tango la mkulima aliyepanda F1, au amechanganya mabaki ya makopo. Ukipata kijiko kilichojaa mabwana harusi, ndiyo hayo.

#29 Papa_Bahati
Mabwana harusi mistari miwili na bibi harusi hakuna. Huo ni mkutano wa wazee wa kanisa.

#30 Kasapa_Biolojia
Mbegu_za_Mama ameweka kidole penyewe (samahani Maman Neema). Hapa niongeze kwa nini mbegu iliyokamuliwa inageuka, kwa sababu tango siyo meloni.

Kwenye meloni, ujike mtupu ni wa kujificha. Kuna kipande cha kuruka cha DNA kilichojiingiza karibu na WIP1, kikavuta alama za kemikali zinazoifunga jeni hiyo isisomwe. Mmea lazima urithi nakala iliyofungwa kutoka kwa baba na mama ndipo uwe jike tupu.

Kwenye tango ni kinyume. Ujike mtupu unatoka kwenye nakala ya ziada ya jeni ya ethilini, ACS1G, iliyotokea kipande cha kromosomu kilipojirudia. Herufi yake ya zamani ni F, na inatawala: nakala moja inatosha. Kwa hiyo F1 ya tango inaweza kuwa na F kutoka kwa mzazi mmoja tu na bado ikazaa jike. Sasa mkulima anaipanda, nyuki analeta chavua kutoka tango la kawaida la jirani lisilo na F. Watoto: nusu wana F, nusu hawana. Nusu hiyo ya pili itaanza na maua ya kiume kama matango yote ya zamani.

#31 Agro_Kabare
Nusu. Yeye anasema karibu yote. Hesabu haijafika.

#32 Kasapa_Biolojia
Haijafika, nakubaliana. Wala hata wale wenye F siyo waaminifu siku zote: mwenye nakala moja anayumba, joto likipanda au mwanga ukipungua anatoa maua ya kiume.

#33 Mwanga_na_Kivuli (Bukavu, Nguba)
Mwanga! Kuna mti hapo? Watu wa Kyeshero na miti ya avoka nawajua. Mwanga hafifu unaelekeza tango kwenye maua ya kiume.

#34 Mwana_Kyeshero
Kuna avoka ya mwenye nyumba. Kivuli kinaingia baada ya saa sita mchana.

#35 Kibwabwa_Katuba
Kila mtu akiuliza kitu, huyu bwana iko nacho. Samadi iko, mazuku iko, avoka iko, kijiko iko. Tuulize kama amekata kichwa!

#36 Mwanga_na_Kivuli
Na baridi? Nimesoma kwamba usiku wa baridi na siku fupi vinaleta maua ya kike.

#37 Kasapa_Biolojia
Ndiyo, kwa aina nyingi za tango na boga. Lakini Goma iko chini kidogo tu ya ikweta, tofauti ya siku ndefu na fupi ni dakika chache, mmea hauna cha kusoma hapo. Huku Lubumbashi tofauti inazidi saa moja, na usiku wa Juni na Julai unashuka chini ya nyuzi 10. Wanaolima bondeni kando ya Kafubu wakati wa kiangazi wanaona ya kike mapema.

#38 Kibwabwa_Katuba
Tunaona mapema, lakini asubuhi ya baridi nyuki wanalala. Ua linafungua, linafunga, hakuna aliyepita. Kitunda kinageuka njano kinaanguka. Baridi inakupa bibi harusi, inakunyima mshenga.

#39 Maman_Neema
Na hicho kitunda kinachoanguka ndicho tulichokuwa tunasema kimenyooshewa kidole. Mimi boga langu napakaza mwenyewe. Alfajiri, kabla jua halijapanda, nachuma ua la kiume, nayatoa majani yake yote ya manjano ibaki ile ngumi ya katikati yenye unga, halafu naisugua ndani ya ua la kike lililofunguka siku ileile. Ukisubiri saa nne limeshajikunja. Nilifundishwa na mtu wa kilimo aliyekuja kanisani kwetu, tangu hapo kidole hakina nguvu tena. Lakini bado sinyooshi.

#40 Mwana_Kyeshero
Leo nimepekua matawi ya pembeni kama alivyosema ndugu wa Katuba. Kuna ya kike! Machache, chini ya majani, mafupi. Mengine yamegeuka njano na yanang'oka ukiyagusa. Kwa hiyo yapo, ila yanakufa?

#41 Agro_Kabare
Basi una matatizo mawili, siyo moja. Uchache wa maua ya kike, na chavua isiyofika. Fanya kama Maman Neema kwa hayo yaliyobaki. Kuhusu uchache, mimi bado nasimama na samadi.

#42 Mbegu_za_Mama
Mimi na kijiko.

#43 Bulengo_Kwetu
Mazuku.

#44 Dada_wa_Usambara (Tanga, naishi Goma)
Jambo wapendwa. Mnasema mbegu dume ni ya maabara, lakini hamjawahi kulima kweme? Kwetu Usambara, na Kilimanjaro pia, kweme ni jamaa ya maboga, linapanda juu ya mti mkubwa, mbegu zake zina mafuta na mama aliyejifungua anapewa. Kweme dume ni dume na jike ni jike, mimea tofauti kabisa. Unalea mmea mpaka uchanue ndipo ujue kama umelea mgeni. Hakuna anayejua kwa kutazama mbegu. Kwa hiyo yule mzee jirani huenda alisikia habari ya kweme akaihamishia kwenye tango.

#45 Kasapa_Biolojia
Mfano mzuri sana, aksanti. Familia hii ina kila mtindo. Kuna mdudu mmoja wa kihistoria, Bryonia wa Ulaya, dume na jike mbali. Carl Correns wa Ujerumani, mmoja wa waliofufua kazi ya Mendel, baba wa elimu ya urithi, mwaka 1900, alimzalisha na Bryonia mwingine mwenye maua yote mawili kwenye mmea mmoja, na mwaka 1907 akachapisha kwamba chavua ya dume ni ya aina mbili, nusu inazaa dume na nusu jike. Ilikuwa kati ya ushahidi wa kwanza kabisa kwamba jinsia inarithiwa kwa kanuni za Mendel. Na kuna Coccinia grandis, mmea mtambaa wa Asia na Afrika, ambaye ana kromosomu X na Y, na Y yake ni kubwa kuliko zote.

#46 Papa_Bahati
Bryonia mdudu?

#47 Kasapa_Biolojia
Mmea. Vidole vyangu vina njaa.

#48 Shimo_la_Kasiksi
Kama kuna mimea dume, tuzungumze papai. Baba mdogo alipiga msumari kwenye papai dume na likazaa. Nimeona kwa macho.

#49 Mwanga_na_Kivuli
Msumari wa inchi ngapi?

#50 Agro_Kabare
Papai siyo jamaa ya maboga. Ila kwa ufupi: lina kromosomu za jinsia, X, Y ya dume na Y nyingine ya mti wenye jinsia mbili. Papai dume hali ya hewa ikibadilika linaweza lenyewe kutoa matunda machache yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Msumari unachukua sifa za hali ya hewa.

#51 Shimo_la_Kasiksi
Hali ya hewa ilibadilika wiki ileile ya msumari? Kwenye kilima chetu peke yake?

#52 Msimamizi
Papai na misumari vihamie kwenye uzi wake. Hapa turudi kwenye jamii ya maboga.

#53 Mwanga_na_Kivuli
Swali la mwisho kwa Kasapa: kama tango jike tupu halina ua la kiume hata moja, mbegu zake wazalishaji wanazipataje? Anampata wapi bwana?

#54 Kasapa_Biolojia
Wanamlazimisha. Mstari wa jike tupu unapuliziwa naitreti ya fedha au mchanganyiko wa fedha na thiosulfati. Fedha inaziba masikio ya mmea usisikie ethilini, nao unatoa maua ya kiume. Jibereli, homoni ya ukuaji ya mmea, pia inafanya. Chavua ya maua hayo inabeba ujike uleule, kwa kuwa jeni haikubadilika, ni sauti tu iliyozimwa kwa muda. Mbegu ya jike tupu ilianza kuzalishwa kwa wingi Marekani miaka ya 1960 kwa jibereli, fedha ilikuja baadaye.

#55 Mbegu_za_Mama
Na ndiyo maana ni ghali. Muelewe tukiwatajia bei.

#56 Mwana_Kyeshero
Nimekwenda dukani. Muuzaji kasema mbegu ilikuwa nzuri, ni mimi niliyepanda mwezi ukiwa mchanga.

#57 Papa_Bahati
Haya, na mwezi umeingia kwenye uzi. Agro, karibu.

#58 Agro_Kabare
Sijibu.

#59 Kibwabwa_Katuba
Mwana_Kyeshero, wakati mnabishana, yale maua ya kiume unayafanyia nini? Huku hatutupi. Boga likizidisha dume, mama anachuma yale ya ziada, anatoa ule ujiti wa unga ndani, anayapika pamoja na kibwabwa na karanga za kutwanga. Ya tango sijajaribu, lakini ya boga na bugali, usiongee.

#60 Maman_Neema
Karanga? Sisi tunatia mawese na kitunguu, na sambaza, vile visamaki vya ziwani, wakiwepo.

#61 Kibwabwa_Katuba
Mawese kwenye ua la boga! Maman, hapo umenyoosha kidole.

#62 Maman_Neema
Njoo Majengo ule kwanza, ndiyo useme. Na mbakishe ya kiume machache ya kupakazia, msichume yote.